Waya wa sikio moja: historia ya ekuteri Butembo na Beni

Mtaani Furu, mjini Butembo, kuna nyumba ya vyumba viwili na saluni ambamo wanalala watu kumi na mmoja. Wenye nyumba wanalala vyumbani. Katika saluni, viti vikishasogezwa ukutani, mikeka inatandikwa kwa ajili ya mama mmoja na watoto wake waliokimbia kutoka upande wa Mbau, kaskazini mwa Beni. Saa tatu za usiku taa inazimwa, kwa kuwa baba wa nyumba anaamka alfajiri kwenda sokoni, na mgeni hawezi kuliza redio katika nyumba ya watu. Basi mama anatoa simu yake ndogo ya vibonye, anachomeka ekuteri, anatia upande mmoja katika sikio la kushoto na kusikiliza habari. Sikio la kuume linabaki wazi, kwa ajili ya watoto na ya barabara.

Ekuteri hiyo aliinunua Oicha mwaka 2019, kabla ya kukimbia. Upande wa kuume ulikufa zamani. Hakuupeleka kwa fundi, kwani tangu siku ya kwanza hakuwa akiutumia.

Anayepita Butembo na Beni leo anaona nyaya hizi kila mahali: shingoni mwa wamotari, chini ya vitambaa vya kichwa vya akina mama wanaouza ndizi, zimefungwa fundo mfukoni mwa mwanafunzi. Dukani ni kati ya vitu vya bei ndogo kuliko vyote, vinavyoning'inizwa juu ya kichwa cha muuzaji pamoja na chaja na betri. Zinatoka China, zinapita Mombasa na Kampala, zinaingilia mpaka wa Kasindi katika makontena ya wafanyabiashara wa Butembo. Vijana wanazitumia kwa muziki, ni kweli. Lakini katika sehemu hii ya Kivu Kaskazini, ekuteri ilipata kazi nyingine kubwa zaidi, na kazi hiyo ilianza kabla ya simu yenyewe kufika.

Wazee wanakumbuka redio ya uani. Transista ilivumbuliwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1947, na mwaka 1954 redio ya kwanza ya transista iliyobebeka mkononi ikatoka madukani. Miaka michache baadaye redio za namna hiyo zilianza kuonekana Congo, na baada ya uhuru wa mwaka 1960 zilizidi. Mwenye redio alikuwa mtu wa heshima. Aliiweka juu ya meza au dirishani, akaipandisha sauti, na majirani wakaja na viti vyao. Mapili yalikuwa ghali. Yalipochoka, yaliwekwa juani ili yatoe nguvu kidogo iliyobaki. Hakuna aliyesikiliza peke yake, na kusikiliza peke yake kungeonekana kama choyo.

Hata hivyo redio nyingi za wakati ule zilikuwa na tundu dogo pembeni, na ndani ya sanduku lake mlikuwa na kisikilizio kimoja cha plastiki, cha sikio moja tu. Watoto walikichezea. Watu wazima wengine walijua kazi yake. Katika miaka ya Mobutu, redio ya taifa, Sauti ya Zaire, ilikuwa ya chama kimoja na ya mtu mmoja. Aliyetaka kusikia upande mwingine alitafuta mawimbi mafupi: BBC, ambayo ilianza matangazo ya Kiswahili Juni 27, 1957, au Sauti ya Amerika, iliyoanza ya kwake mwaka 1962. Sauti ya mgeni ikitoka dirishani jirani ataisikia, na jirani huenda ana rafiki yake ofisini. Ile plastiki ndogo iliondoa mashaka hayo. Kusikiliza kwa sikio moja, kwa faragha, ni mambo ya zamani kuliko wanavyofikiri vijana wanaodhani yamekuja na simu.

Aprili 24, 1990, Mobutu mwenyewe alitangaza mwisho wa chama kimoja. Sheria ya uhuru wa habari ilifuata Juni 22, 1996, na redio za makanisa, za vyama vya wakulima na za watu binafsi zikaanza kuchipuka. Lakini miezi michache tu baadaye, Oktoba 1996, vita vya AFDL vikaanza. Na Agosti 1998 vikaja vya pili. Beni ikawa makao makuu ya kundi la RCD-K/ML, Butembo ikawa chini yake, na nchi ikakatwa vipande ambavyo havikuweza hata kupigiana simu.

Kwa wakati huo Butembo iliongea kwa foni. Ni vizuri kueleza kwa waliozaliwa baadaye: foni ilikuwa mashine ya redio yenye antena ndefu ya waya juu ya paa na betri ya gari chini ya meza. Mfanyabiashara aliyetaka kumuuliza mwenzake wa Goma au Kisangani bei ya mafuta alikwenda kwenye chumba cha foni, akalipa, akangoja zamu. Anaposema, anasema kwa sauti kubwa, na wote wanaongoja wanasikia. Aliye na msiba alijulishwa msiba wake mbele ya watu. Aliyedaiwa alidaiwa mbele ya watu. Na yeyote mwenye mashine kama ile, popote alipo, aliweza kuingia katika mawimbi yale yale na kusikiliza bila kulipa.

Februari 25, 2002, siku ile ile yalipofunguliwa mazungumzo ya Wacongo huko Sun City, Afrika Kusini, Redio Okapi ilianza kutangaza. Iliundwa na ujumbe wa Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Uswisi la Hirondelle, ikasema kwa Kifaransa, Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo. Kwa mara ya kwanza tangu vita vianze, mtu wa Beni alisikia habari za Kinshasa na mtu wa Kinshasa akasikia za Beni, katika kipindi kimoja. Redio za hapa nazo zilikuwa zinakua, kama Redio Moto ya Wakatoliki. Habari sasa zilikuwepo hewani, kwa FM, kwa sauti safi. Kilichokosekana ni chombo cha kuzinasa, kwa maana redio nyingi za nyumbani ziliibwa au kuachwa wakati wa kukimbia.

Chombo kilikuja kutoka mlango mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 makampuni ya simu yalisimika milingoti yao, na miaka michache baadaye simu za bei ndogo zikaanza kutengenezwa zikiwa na redio ya FM na tochi ndani yake. Nokia 105 ya mwaka 2013 ni mfano wake, na zile za Itel na Tecno zikafuata kwa wingi. Tochi na redio: aliyewaza kuviweka pamoja hakuwa amefika Eringeti, lakini ungedhani amefika.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi wanalijua kwa mkono bila kulijua kwa maneno. Ukifungua redio katika simu ya namna hiyo bila kuchomeka ekuteri, skrini inakukataza: chomeka kwanza. Wengine wanafikiri ni hila ya kiwanda ili wauze ekuteri. Sivyo. Redio inahitaji antena, na simu ndogo haina nafasi ya antena ya FM. Wimbi la FM lina urefu wa karibu mita 3, na antena nzuri kwake ni ya robo ya urefu huo, yaani sentimita 75 hivi. Waya wa ekuteri una mita moja na kidogo. Waundaji wa simu waliona kwamba waya huo tayari upo, unaning'inia mwilini mwa mtu, basi wakaupa kazi mbili: kupeleka sauti sikioni na kukamata wimbi hewani. Ndiyo sababu ukiukunja waya mfukoni redio inakwaruza, na ukiunyoosha inasafika. Ndiyo sababu pia mtu anaegemea dirisha, au anatoka nje ya nyumba ya mabati, akishika waya juu kama anayetundika nguo.

Kutokana na hilo, ekuteri iliyokufa haifi kabisa. Pande zote mbili zikinyamaza, waya ukiwa mzima tangu kwenye pini, bado ni antena. Mtu anauchomeka, anabonyeza sauti itoke kwenye spika ya simu, na uani wote unasikia habari. Katika nyumba nyingi za Beni na Butembo utakuta ekuteri isiyo na masikio hata moja, imekatwa ncha, imefungwa kwenye msumari dirishani. Mgeni ataiona takataka. Mwenye nyumba akikuona unataka kuitupa, mtagombana.

Oktoba 2014 mauaji yakaanza wilayani Beni. Majina ya mahali yaliyofuata yanajulikana na kila msomaji, na wengine wana ndugu zao humo: Ngadi, Eringeti, Mbau, Mayi-Moya, Rwangoma, ndani ya mji wa Beni, Agosti 13, 2016. Washambulizi wa ADF walikuja mara nyingi jioni au usiku, kwa mapanga, bila kelele za bunduki, ili kijiji cha jirani kisijue. Kijiji kilichoweza kujua mapema kilikimbia. Kisichojua kilikutwa mezani.

Ndipo namna ya kuvaa ekuteri ilipobadilika huku. Mkulima anayekwenda shamba la kakao anavaa upande mmoja tu. Sikio moja ni la redio, ambayo itasema kama kuna watu wameonekana upande fulani, kama barabara ya Kasindi imefungwa, kama jeshi limeomba watu wasivuke mto. Sikio jingine ni la msitu: mbwa, ndege wanaoruka ghafla, tawi linalovunjika. Kuvaa pande zote mbili shambani ni kujifunga macho. Barabarani vilevile. Kwenye barieri ya askari, mwenye akili anaitoa ekuteri mapema na kuiacha ianguke kifuani. Aliyeulizwa mara mbili bila kujibu kwa sababu ya muziki amejitafutia maswali ambayo hayakuwepo.

Redio haikuwa na maneno ya hakika siku zote. Mara nyingi habari ilifika baada ya watu kuzikwa. Kulikuwa pia na uvumi uliokimbia kwa simu kuliko redio, na mtaa mzima ukahama usiku kwa sababu ya piki-piki iliyopasua bomba lake. Lakini mwenye redio sikioni aliweza kungoja dakika tano, akasikia kama kuna mtu mwenye jina na kazi anayeisema habari hiyo, kisha akaamua. Dakika tano ni kitu kikubwa kwa mwenye watoto wadogo.

Agosti 1, 2018, ugonjwa wa Ebola ulitangazwa Mangina, magharibi mwa Beni. Ulidumu mpaka Juni 25, 2020. Watu 3,470 walihesabiwa kuugua na 2,287 wakafa. Hakuna mlipuko uliozidi huo isipokuwa ule wa Afrika Magharibi wa miaka ya 2014 hadi 2016. Butembo, Katwa na Beni zilikuwa katikati ya moto huo. Watu waliambiwa na kila upande jambo lake: kwamba ugonjwa ni biashara, kwamba chanjo ni sumu, kwamba wagonjwa wanauzwa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Aprili 19 mwaka huo daktari Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi Butembo akiwa kazini.

Katika ugomvi huo, nani anasikiliza nini lilikuwa jambo la hatari. Kuna nyumba ambamo baba alikataza vipindi vya Ebola, na binti akavisikiliza kwa ekuteri akifua. Kuna kijana aliyekwenda kuchanjwa kwa siri kwa sababu ya maneno aliyoyasikia kitandani usiku. Mambo hayo hayaandikwi katika ripoti yoyote, kwani mwenye kuyafanya hakuyatangaza. Na kwa upande wa waliokuwa wakisema ndani ya maikrofoni, gharama ilikuwa wazi: usiku wa Novemba 2, 2019, mwandishi Papy Mahamba Mumbere wa redio ya jamii ya Lwemba, katika Ituri ya jirani, aliuawa nyumbani kwake baada ya kuendesha kipindi juu ya Ebola.

Katikati ya mlipuko huo ukaja uchaguzi. Desemba 30, 2018, nchi nzima ilipiga kura isipokuwa Beni, Butembo na Yumbi, ambako kura ilisogezwa mpaka Machi. Siku iliyofuata intaneti ikakatwa nchini kote, na ilirudi kama majuma matatu baadaye. WhatsApp ilikufa. Simu kubwa za bei zilikuwa kama vioo vya kujitazamia. Ni katika siku zile ambapo wenye simu ndogo za vibonye walionekana wamezungukwa na watu: waya umechomekwa, spika imewashwa, na FM ya hapa haikuhitaji ruhusa ya mtandao wowote.

Ekuteri, hata hivyo, ni kitu dhaifu. Inakatika karibu daima mahali pawili, shingoni mwa pini na pale nyaya zinapogawanyika, kwa sababu hapo ndipo inapokunjwa. Fundi anakata sehemu iliyooza, anachoma nyuzi za shaba kwa kiberiti, kwa kuwa zimepakwa ngozi nyembamba isiyopitisha umeme, kisha anazilehemu upya. Kila tengenezo linaufupisha waya. Vifuniko vya mpira vinapotea kwanza. Nta ya sikio inaziba kichungi, na mtu anadhani upande umekufa kumbe unahitaji sindano na uvumilivu. Kupokezana sikio kwa sikio kunapokezana pia usaha. Mama mwenye mtoto wa sikio linalotoka maji afadhali amnunulie yake.

Wamotari wana tatizo jingine. Ili kusikia juu ya kelele za injini wanapandisha sauti mpaka mwisho, siku nzima. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na kila desibeli 3 zinazoongezwa zinakata muda huo nusu. Masikio yanayofundishwa hivyo kutosikia ni yale yale yanayotegemewa barabara ya Mavivi.

Sasa zimekuja ekuteri zisizo na waya. Mwaka 2016 Apple iliondoa tundu la pini katika iPhone, wengine wakafuata, na vijidude vya bluetooth vikashuka bei mpaka vikafika Butembo. Vijana wanavipenda, na vinapendeza kweli. Lakini hakuna waya, basi hakuna antena. Simu nyingi mpya hazina FM kabisa, au zinayo na haifunguki bila ekuteri ya zamani. Redio inapatikana kwa intaneti tu, yaani kwa megabaiti za kununua, mahali ambapo kuna mtandao, kwa simu yenye chaji. Kwa mtu wa mjini hiyo ni hasara ndogo. Kwa aliyekimbia kutoka Kanyabayonga mwezi wa Juni 2024, M23 ilipouteka, akalala njiani kabla ya kufika Lubero au Butembo, chaji ya simu kubwa inaisha siku ya kwanza. Ile ndogo inafika siku ya nne ikiendelea kusema.

Na sauti zenyewe zinapungua. Machi 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha kazi za Sauti ya Amerika, na matangazo ya Kiswahili yaliyokuwa yakisikilizwa na babu za wasikilizaji wa leo yakakatika. Miezi miwili kabla, Goma ilikuwa imechukuliwa na M23, pamoja na ofisi na barabara zake. Wanaogawa misaada kwa wahami wanahesabu mahema, masufuria na sabuni, na wanafanya vema. Redio ndogo au simu ya vibonye yenye waya wake haimo katika hesabu nyingi, kana kwamba mtu akikimbia huacha nyuma pia haja ya kujua kama anaweza kurudi.

Mama wa Furu ana mwana wa miaka kumi na saba ambaye alijinunulia za bluetooth kwa pesa za kubeba mchanga. Zilidumu miezi mitano. Moja ikaangukia katika mtaro. Ile ya mama ilikatika shingoni mwezi uliopita. Fundi aliikata na kuilehemu kwa mara ya tatu, na sasa ni fupi kwa shibiri moja. Katikati ya saluni Okapi haishiki tena vizuri. Baba wa nyumba, ambaye hajawahi kuulizwa lolote juu ya jambo hilo, jioni moja alisogeza kabati, na tangu siku hiyo mkeka wa mama unatandikwa chini ya dirisha.